Watumishi Wanaporudi kwa Bwana

Mkulima akimaliza kuvuna halali usingizi mara moja. Kwanza huketi na kuyatazama mavuno yake, akahesabu vikapu, akajua shamba gani limezaa na lipi limeshindwa. Ndipo anapowaita jamaa zake kula pamoja. Kazi ya Mungu nayo ina mavuno. Je, wakristu wa kijiji huyatazama, ama huyapita bila kuyaona?

1. Mfano wa Mitume

Mtakatifu Marko, katika sura ya 6 ya Injili yake, aeleza kwamba Yezu aliwatuma mitume wawili wawili. Waliporudi, walikusanyika kwake wakamsimulia yote waliyoyatenda na kuyafundisha. Bwana hakuwapa kazi nyingine saa ile. Aliwaita waende mahali pa faragha wapumzike kidogo, kwani watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula.

Paulo na Barnaba nao, walipomaliza safari yao ya kwanza, walirudi Antiokia, wakawakusanya wakristu, wakawaeleza mambo Mungu aliyoyatenda pamoja nao (Matendo ya Mitume, sura ya 14). Hawakujitangaza wenyewe, walimtangaza Mungu aliyetumia mikono yao.

2. Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni majivuno. Wanafunzi 72 walirudi wakifurahi kwa sababu pepo waliwatii. Yezu aliwafundisha kufurahi zaidi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni (Luka, sura ya 10).

Hatari ya pili ni kusahau. Wakoma 10 waliponywa, mmoja tu akarudi kushukuru. Ndivyo ilivyo hata leo. Mzee fulani hupiga kengele ya kanisa kila alfajiri, mvua inyeshe ama isinyeshe. Siku kengele isipolia, watu hunung'unika. Siku zote ilipolia, hakuna aliyesema asante. Katekista naye hutembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji, akirudi husikia malalamiko tu. Moyo wake huanza kumwambia kwamba kazi yake ni bure. Asipopata ndugu wa kumtia moyo, aweza kuiacha, na watoto wakabaki bila mafundisho.

3. Watumishi wa Ziwa Tanganyika

Adriano Atiman alizaliwa pande za Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa. Mapadri Weupe walimkomboa, naye akasoma uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, akawa mganga na katekista huko mpaka alipokufa mwaka 1956. Miaka 67 ya kazi haikujengwa kwa siku moja. Ilijengwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, katika nchi ya Moba, Stefano Kaoze alipewa upadri. Ndiye padri wa kwanza mwana wa nchi katika Kongo ya Wabelgiji. Furaha ya siku ile ilikuwa pia ya waliomfundisha sala na kusoma alipokuwa kijana.

Eklezya yenyewe imeonyesha heshima yake: tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliuweka utumishi wa katekista kuwa huduma rasmi kwa walei.

4. Namna ya kufanya

Kabla ya sikukuu ya Mtakatifu msimamizi, watumishi wote wakutane: katekista, waimbaji, wafagiaji wa kanisa, na wanaotembelea wagonjwa. Wasali, kisha wanyamaze kidogo, kila mtu akiukumbuka mwaka uliopita. Halafu kila mmoja ataje jambo jema alilomwona mwenzake akilitenda, si lake mwenyewe. Hivyo majivuno hayapati mlango, na aliyefichika huonekana.

Wasifiche mapungufu. Mgonjwa aliyesahauliwa atajwe, na mtu achaguliwe kumtembelea. Yaliyo mema yaletwe katika Misa pamoja na mkate na divai. Mwishoni wale pamoja, hata kama ni muhogo na samaki wachache. Mtakatifu Paulo ajua hesabu ya kweli: mmoja hupanda, mwingine humwagilia maji, Mungu ndiye akuzaye.

5. Sehemu ya mkatekumeni

Mkatekumeni asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Yeye mwenyewe ndiye mavuno. Siku atakapobatizwa, walimu wake wataona tunda la jasho lao. Basi asingoje siku ile ili kuwashukuru: awaombee leo, na ahudhurie mafundisho bila uvivu. Hiyo ndiyo asante iliyo kubwa.

Maswali

1. Mitume walifanya nini waliporudi kwa Yezu?
2. Kwa nini ni vema kutaja wema wa mwenzako kuliko wako?
3. Ni nani katika kijiji chako amtumikiaye Mungu bila kushukuriwa? Utamwambia nini juma hili?