Dondoo muhimu: Burgundy nyekundu mezani Kampala

Divai nyekundu ya Burgundy, Ufaransa, karibu yote hutengenezwa kwa zabibu aina ya Pinot Noir. Rangi yake ni nyepesi, ina uchachu wa kuamsha mate, na ukakasi wake ni mdogo.

Ipoze kwanza. Mchana wa Kampala hufika nyuzi 27 au 28, ilhali divai hii hunoga kwenye nyuzi 14 hadi 16. Iweke ndani ya friji mapema kabla ya kuinywa. Ikiwa vuguvugu, utasikia pombe tu.

Jaza theluthi ya glasi, izungushe, nusa, ndipo uonje. Divai changa hunukia cheri na rasiberi. Iliyokomaa huelekea uyoga na udongo uliolowa.

Kwa chakula, mimi naanza na luwombo ya kuku. Nyama huivia polepole ndani ya jani la mgomba, inatoka laini, na mchuzi wake hauna pilipili ya kuua ladha ya divai. Bora zaidi ni obubaala, ule uyoga mdogo mweupe unaopikwa kwa karanga: harufu yake na ya divai iliyokomaa hushikana kabisa. Matooke (ndizi za kupika) pembeni hayaleti ugomvi. Muchomo wa mbuzi, yaani nyama choma, unafaa ukitiwa chumvi tu. Ukiujaza pilipili, agiza bia.

Usikimbilie Grand Cru, daraja la juu kabisa, ni ghali mno. Chupa iliyoandikwa Bourgogne tu (Burgundy kwa Kifaransa) inafaa kuanzia, mradi haikukaa juani dirishani mwa duka.