Kiangazi Kwenye Milima ya Theluji: Maswali ya Familia Kabla ya Kukata Tiketi

Kwa Waswahili wanaoishi Denver, Salt Lake City au Zurich, shule zikifungwa kwa likizo ya kiangazi watoto huanza kuomba kupelekwa mlimani. Theluji imeyeyuka, lakini vituo vya kuteleza vimejaa watu wanaoshuka kwa viberenge, wanaoning'inia kwenye waya na wanaoendesha baiskeli kati ya misonobari. Ni matembezi mazuri kweli. Yana mambo kadhaa, hata hivyo, ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla hajafika dirishani kulipa.

Theluji imekwisha, kwa nini vituo havifungwi?

Lifti, hoteli na barabara zinahitaji matunzo mwaka mzima, wakati theluji huleta wageni kwa miezi michache tu, na miaka hii haiaminiki tena. Nchini Marekani kuna sababu nyingine ya kisheria. Vituo vipatavyo 122 vimejengwa katika ardhi ya misitu ya taifa, na sheria ya mwaka 1986 iliyovipa vibali ilizungumzia kuteleza kwenye theluji peke yake. Novemba 2011 Rais Barack Obama alitia saini marekebisho yaliyoruhusu ziplaini, njia za baiskeli na michezo ya kamba juu ya miti, kwa sharti kwamba michezo hiyo iendane na mazingira ya msitu. Mabwawa ya kuogelea, viwanja vya gofu na tenisi, pamoja na viwanja vya burudani vya mabembea makubwa kama vya mijini vilikatazwa waziwazi. Naona sharti hilo lilikuwa la busara: msitu ni mali ya wananchi wote, na anayepanda mlimani anastahili kuukuta bado ni mlima.

Kanada na Ulaya zilikuwa zimeshaanza zamani. Whistler, katika jimbo la British Columbia, ina bustani ya baiskeli tangu 1999, na tangu 2008 gari lake la kebo liitwalo Peak 2 Peak linavuka bonde kwa kimo cha mita 436 kutoka ardhini. Uswisi, juu ya Grindelwald, kuna waya wa mita 800 unaokushusha kwa mwendo unaofikia kilomita 84 kwa saa. Kwenye mlima Titlis daraja la kamba la chuma limetandazwa zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari.

Kuna viberenge vya kwenye mfereji na vya kwenye reli. Tofauti yake ni nini?

Hili ndilo swali kubwa, na wageni wengi hawaliulizi kwa sababu kwa mbali vyote vinafanana: mtu kakaa kwenye kiberenge kidogo, anashuka mlima kwa kasi.

Cha mfereji ndicho cha zamani. Kilienea Amerika ya Kaskazini miaka ya 1970. Mlima wa Bromley, Vermont, ulifungua mfereji wake mwaka 1976. Mfereji hujengwa kwa zege, faiba au chuma kisichoshika kutu. Kiberenge kinakaa tu ndani yake, hakikushikwa na kitu chochote. Una wenzo mmoja katikati ya miguu: ukiusukuma mbele unakwenda, ukiuvuta unafunga breki. Ukiingia kwenye kona kwa kasi, kiberenge hupanda ukuta wa mfereji na kinaweza kukumwaga. Jeraha la kawaida ni kuchubuka ngozi za mikono na magoti, kwa hiyo vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali.

Yako mabaya zaidi ya kuchubuka. Mwaka 1978 kituo kimoja cha theluji huko Vernon, New Jersey, kilifungua uwanja wa kiangazi ulioitwa Action Park. Mfereji wake ulisifika vibaya kwa viberenge vyenye breki mbovu, na mwaka 1980 mfanyakazi kijana alirushwa nje ya mfereji akafa. Uwanja huo uliendelea na kazi hadi 1996, vifo vingine vikitokea kwenye michezo yake mingine. Mtu akikuambia kwamba ukaguzi wa breki ni urasimu tu, mkumbushe Vernon.

Cha reli ni tofauti kabisa. Magurudumu yake yameikumbatia reli juu na chini, kwa hiyo hakiwezi kuruka nje. Abiria anafungwa mkanda. Kampuni ya Wiegand ya Ujerumani, iliyojenga njia nyingi za aina hii, huweka ndani yake breki ya kujiendesha inayozuia kasi isipite takriban kilomita 40 kwa saa, hata kama hukugusa wenzo. Katika mji wa Imst, Austria, njia ya reli ina urefu wa zaidi ya kilomita 3.5.

Hatari inayobaki kwenye reli ni kugongana. Breki ya mwendo iko mikononi mwako. Ukimpa mtoto aliye mbele yako muda mfupi kisha ukashuka kwa kasi yote, utamkuta amesimama akiogopa kona, au akipiga picha. Kanuni inayobandikwa kwenye vituo vingi ni kuacha mita 25. Ni kama barabarani: nafasi kati yako na aliye mbele ndiyo breki yako ya kwanza. Simu ibaki mfukoni, kwa sababu kila kiganja kina wenzo wake.

Ukiwa na watoto wadogo na kituo kina aina zote mbili, chagua reli.

Mtoto wa umri gani anaruhusiwa?

Kila kituo kina kipimo chake cha umri na urefu. Ulaya, njia nyingi humruhusu mtoto kuendesha peke yake akifikisha miaka 8. Aliye chini ya hapo hukaa mbele ya mtu mzima. Usidanganye umri. Mtoto asiyefikia urefu uliowekwa hakaziki sawasawa kwenye mkanda, wala mkono wake hauna nguvu za kuuvuta wenzo. Wajawazito hawapandi.

Je, kimo cha mlima kina madhara?

Kinaweza kuwa na madhara makubwa. Mji wa Breckenridge, Colorado, uko mita 2,926 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kuliko kituo cha Mandara kwenye Kilimanjaro. Mpandaji wa Kilimanjaro huifikia Mandara kwa miguu, taratibu. Hapa gari linakufikisha kwa saa mbili kutoka Denver. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za kawaida. Kunywa maji, pumzika siku ya kwanza, na dalili zikizidi teremka.

Mwenye selimundu asipande bila kuzungumza na daktari wake. Upungufu wa oksijeni kwenye kimo kama hicho unaweza kuamsha maumivu makali, na hata wenye kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huo wamewahi kupata madhara ya wengu. Familia zetu zina watu wengi wenye hali hii, lakini vipeperushi vya mapokezi aghalabu havitaji.

Jua nalo huongeza ukali kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Katika milima ya Colorado, Julai na Agosti, radi hupiga sana alasiri na lifti husimamishwa, kwa hiyo nenda asubuhi. Mvua hufunga mifereji; reli zinaweza kuendelea, lakini breki zikilowa hushika kwa kuchelewa.

Nani anakagua, na ile fomu ninayotia saini inamaanisha nini?

Nchini Marekani, tangu 1981 serikali kuu haisimamii michezo iliyojengwa mahali pa kudumu. Kazi hiyo imeachiwa majimbo. Colorado ina bodi ya lifti na magari ya kebo, na idara nyingine kwa ajili ya viberenge. Uliza cheti cha ukaguzi. Ni haki yako.

Fomu hiyo inasema umekubali hatari, na mara nyingi unaikubali kwa niaba ya mwanao pia. Isome, au omba mtu akutafsirie. Haimpi mwenye kituo ruhusa ya kufanya lolote: mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo la Colorado iliamua, katika kesi ya msichana aliyeanguka kutoka kwenye lifti, kwamba fomu haizuii madai pale kituo kinapodaiwa kuvunja sheria na kanuni za usalama. Ukiumia, piga picha ya kiberenge na namba yake, taka taarifa ya maandishi kutoka kwa walinzi wa mlima, na utunze tiketi.