Mjue Mtengenezaji Kabla ya Kununua Mashine ya Mkonge



Katika somo la robo hii tunazungumzia jambo ambalo kamati nyingi hulimaliza kwa dakika kumi mwishoni mwa kikao, nalo ni kumchagua mtengenezaji wa mashine nzito. Tumechukua mfano wa mashine ya kuchakata mkonge, kwa kuwa hapa Tanga haihitaji utangulizi.

Jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Lisipochakatwa ndani ya siku moja au mbili, linaanza kukauka, singa zinapoteza weupe na daraja linashuka. Tena tani 1 ya majani hutoa kiasi cha kilo 40 tu za singa kavu. Mengine yote ni maji na makapi. Mashine ikisimama wiki mbili ikingoja beringi, anayeumia ni mkulima ambaye amekwisha kuwalipa wakataji.

Historia ya mkoa wetu inatufundisha. Mkonge uliletwa na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893, na baadaye mashamba yakaagiza korona kutoka Ulaya, zikiwemo za Krupp ya Ujerumani na Robey ya mji wa Lincoln, Uingereza. Kiwanda cha Robey kilifungwa miaka ya 1980, lakini korona za enzi za ukoloni ziliendelea kuzunguka, kwa sababu karakana za huku zilikuwa na mafundi waliojua kuchonga vipuri vyake. Basi kabla ya kuuliza bei, kamati iulize: mtengenezaji huyu akifunga duka, nani karibu nasi ataweza kuchonga kisu cha ngoma?

SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Tanga na linaweza kuwaelekeza kwa mafundi. TEMDO na CAMARTEC ziko Arusha. Bodi ya Mkonge ipo hapa hapa mjini. Lakini barua ya utambulisho haitoshi. Nendeni mkaione mashine aliyoitengeneza ikiwa imefanya kazi angalau msimu mmodi, na mzungumze na anayeilisha majani, siyo mwenye mali peke yake. Chukueni makapi mkononi. Yakiwa na singa nyingi, nafasi kati ya ngoma na kitako chake haijawekwa sawasawa, na fedha inamwagwa shimoni kila siku.

Mkishaafikiana, andikeni mkataba. Malipo yawe kwa awamu, na awamu ya mwisho itolewe baada ya majaribio shambani kwenu, kwa majani yenu na injini yenu. Kule karakanani fundi huchagua majani mazuri! Mkataba udai michoro, orodha ya vipuri, na beringi za namba zinazouzwa madukani Tanga. Udai pia vizuizi kwenye mkanda na mdomo wa kulishia. Mashine ndogo inayolishwa kwa mkono inaweza kuvuta mkono pamoja na jani, na hapo hakuna bei nafuu itakayotufariji. Waendeshaji wawili wa kikundi wawepo karakanani mashine inapounganishwa, ili siku ikifunguliwa kwa matengenezo wasiwe wageni wake.

Wafadhili watuwie radhi tukisema kwamba picha ya kukata utepe haionyeshi kama stoo kuna beringi ya akiba. Tunaomba bajeti ya mashine iwe na fungu la vipuri na la mafunzo tangu mwanzo, hata ikibidi kununua mashine ndogo zaidi.

Maswali ya kujadili kwenye kamati: Mashine mliyo nayo sasa parokiani, iwe ya kusaga, pampu au jenereta, ilitengenezwa na nani, na namba yake ya simu anayo nani? Ilipoharibika mara ya mwisho, kipuri kilipatikana wapi na baada ya siku ngapi? Katibu aandike majibu kwenye daftari la kamati, na nakala iambatanishwe na maombi ya mashine mpya.