BUTI LISILOVALIWA MGUUNI

Kurasa hizi zimezoea kubeba ngeli, vitendawili na mashairi. Leo naomba nafasi nieleze kazi ya mikono niliyosaidia kuifanya kwa mjomba wakati wa likizo, yaani kubadilisha buti la gari. Nisemapo buti sisemi la mchezaji kandanda, wala pale nyuma panapotiwa mizigo. Nasema ule mpira mweusi wenye mikunjo mikunjo unaofunika sivi-jointi karibu na gurudumu la mbele.

Magari mengi madogo tunayoyaona barabarani huvutwa na magurudumu ya mbele, na magurudumu hayo hayo ndiyo yanayokata kona. Basi shafti itokayo kwenye giaboksi haina budi kuzunguka huku imepinda. Kiungo cha msalaba, kama kile kinachoonekana chini ya malori, kikipinda huzungusha upande wa pili kwa mwendo usio sawa: mara huharakisha, mara hupunguza, na hivyo mara mbili katika kila mzunguko. Gari lingetetemeka kila penye kona. Mwaka 1926 mhandisi Alfred Rzeppa wa kampuni ya Ford alibuni kiungo chenye gololi sita ndani ya vijia vilivyochongwa, ambacho hata kikipinda mwendo hubaki ule ule. Gari la Mini la Uingereza, lililotoka mwaka 1959, lilitumia kiungo cha namna hiyo.

Gololi hizo huishi ndani ya grisi. Kazi ya buti ni kuzuia grisi isitoke na vumbi lisiingie, basi. Mpira ukipasuka, grisi hurushwa nje, mchanga wa barabara ya murami huingia, na chuma huanza kusagika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni ghali: buti hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya jointi nzima.

Kwa mjomba hilo halikuwa jambo la mzaha. Gari lake hubeba mayai kwenda mjini, na mayai hayo ndiyo karo yangu. Tuliona grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani wa rimu zote mbili za mbele. Upande wa kushoto ulikuwa kimya. Wa kulia ulikuwa ukilia "ka-ka-ka" kila usukani ukizungushwa hadi mwisho. Fundi jirani akaitwa, nami nikashika tochi na spana.

Kwanza tuliegesha gari mahali tambarare, tukavuta breki ya mkono na kuweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Nati kubwa ya katikati hulegezwa gurudumu likiwa bado chini, kwa sababu imekazwa kwa nguvu nyingi mno. Tuliongeza bomba la chuma kwenye spana na bado jasho lilitutoka. Halafu ndipo jeki, kisha stendi za chuma. Hapa sitanii: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, na usitumie matofali, maana hupasuka bila kukuonya.

Gurudumu likishatoka, fundi alifungua bolti mbili zinazounganisha hab na shokomzoba baada ya kuzitia alama, akauachilia mpira wa breki ili usivutwe, akainamisha hab nje, na shafti ikachomoka. Ukivuta shafti ovyo unaweza kuifungua jointi ya ndani au kumwaga oili ya giaboksi. Jointi ya nje ya gari hili hushikwa na ringi ndogo ya waya, kwa hiyo iligongwa kwa nyundo juu ya kipande cha shaba ikatoka. Kuna magari ambayo jointi ya nje haitolewi kabisa, buti hupitishwa kutoka upande wa ndani. Uliza kabla ya kugonga!

Kuosha ndiko watu wengi hukuruka, na kwa maoni yangu ndiko kazi yenyewe. Tuliosha jointi ya kushoto kwa mafuta ya taa, tukaikausha, tukaipinda ili kila gololi ionekane. Zote ziling'aa, vijia laini. Ya kulia fundi aliipitisha ukucha akanyamaza. Kulikuwa na vishimo katika vijia viwili.

"Weka tu buti mpya, fundi," mjomba akasema. "Pesa zimeisha."

"Mzee, naweza kuweka," akajibu fundi. "Lakini hiyo ni kumvalisha maiti suti. Ikivunjika kwenye mlima na mayai ndani, gari halivuti tena."

Mjomba akatazama ile jointi kwa muda mrefu. Mwishowe ya kulia ilingoja siku tatu hadi mayai mengine yalipouzwa, mara hii kwa mkokoteni.

Ya kushoto tuliirudisha siku hiyo hiyo. Klipu ndogo na buti huingia kwenye shafti kabla ya jointi, la sivyo utafungua tena. Grisi iwe ile nyeusi ya molibdeni inayokuja na buti, si ile ya beringi; nusu hushindiliwa kati ya gololi, nusu hubaki ndani ya buti. Ringi ya waya iwe mpya. Jointi ikiingia husikika "tak", kisha ivute uhakikishe. Kabla ya kukaza klipu inua mdomo wa buti kidogo hewa itoke, na mikunjo isijipinde. Wapo wanaofunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mimi siwezi kuwasifu.

Nati kubwa ilikazwa mwisho gurudumu likiwa chini, kwa kipimo cha kitabu cha gari, na pini mpya ikapindwa. Baada ya wiki moja nilichuchumaa nikapitisha kidole ndani ya rimu zote mbili. Kilitoka na vumbi tu, kikavu.