Tochi Hufia Wapi? Somo la Mezani kwa Mafundi wa Bukavu

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao uko Bukavu. Hapo Mto Ruzizi huanza kushuka kuelekea Tanganyika, tofauti ya kimo ikikaribia mita 700, na kwenye mteremko huo ndiko umeme wa mji unakotoka: Ruzizi ya Kwanza, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya Pili ya mwaka 1989, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi huitumia pamoja. Kwa kuwa mlango ni mmoja, takataka nyingi zinazoelea upande huu wa ziwa huishia hapo. Chupa, kandambili, mifuko na vipande vya plastiki vilivyotupwa kwenye mabonde ya Kadutu na Ibanda huzolewa na mvua, huingia ziwani, kisha hukwama mbele ya mitambo.

Nguvu ya bwawa hutokana na vitu viwili vikizidishwa: wingi wa maji yanayopita kila sekunde, na kimo yanachoporomoka. Uchafu ukiziba chujio, maji yanayoifikia turbini hupungua, na wati hupungua nayo. Delestaji, yaani kukatwa kwa umeme kwa zamu, ina sababu nyingine pia, maana mitambo imezeeka na mji umefurika watu. Lakini sababu hii ya takataka ina kejeli yake. Umeme ukikatika watu hununua tochi, tochi ikifa hutupwa bondeni, na bonde huipeleka bwawani.

Kwa hiyo anayetaka kuwafundisha mafundi wa elektroniki wa Bukavu namna ya kubuni bidhaa zisizoharibu mazingira aanze na tochi iliyokufa. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Nairobi, limeshaendesha mafunzo ya aina hii kwa biashara ndogo na za kati, zikiwemo za Kenya na Uganda. Wazo lake kuu ni zuri: itazame bidhaa tangu machimboni hadi jalalani, usiishie siku ya kuiuza. Tatizo ni kwamba somo hili mara nyingi hufunguliwa kwa michoro ya mishale na maneno mazito, na fundi aliyeacha wateja mlangoni anaanza kusinzia. Mpe bisibisi na multimita, umuulize swali moja: hii imekufa kwa ugonjwa gani?

Kabla ya kufungua, tukumbushane. Volti tuzifikirie kama kimo cha maporomoko ya Ruzizi, na ampea kama wingi wa maji. Zidisha moja kwa nyingine, unapata wati. Zidisha wati kwa saa, unapata nishati iliyotumika. Hesabu hii ndogo itatutosha karibu hadi mwisho.

Tochi nyingi za bei rahisi zina LED kadhaa zilizounganishwa sambamba, zote nyuma ya rezista moja ya pamoja. Kwenye karatasi hakuna ubaya, kwa kuwa kila LED inapata volti sawa na mwenzake. Ubaya unaletwa na joto. LED nyeupe huhitaji takribani volti 3 ili iwake vizuri, na inapopata joto mahitaji yake hushuka kidogo. Hicho kidogo si cha kupuuzwa, kwa sababu LED si kama waya wa kawaida: ukiiongezea volti chembe tu, mkondo hupanda kwa kasi kubwa. Sasa chukua LED sita, moja ikiwa na tofauti ndogo sana ya kiwandani. Hiyo huvuta mkondo zaidi ya wenzake, hupata joto zaidi, huhitaji volti chache zaidi, na hivyo huvuta zaidi tena. Siku moja inaungua. Mkondo wake unahamia kwa tano zilizobaki, ambazo sasa zina joto kuliko zamani. Ndiyo maana tochi hizi haziharibiki ghafla. Huzimika jicho baada ya jicho.

Dawa yake ni rahisi hadi inaudhi: kila LED ipewe rezista yake. Betri ikiwa na volti 4 na LED ikichukua 3, inabaki volti 1. Tukitaka mkondo wa ampea 0.02, tunagawa 1 kwa 0.02 na kupata omu 50. Dukani tutachukua ya 47 au 51. Rezista hii ni breki. Mkondo ukijaribu kupanda, volti zinazobaki kwenye rezista nazo hupanda, LED inapunguziwa, na mbio zinasimama zenyewe.

Breki nayo ina gharama. Volti 1 kati ya 4 inaishia kuwa joto, yaani robo ya nishati yote. Zipo sakiti zenye koili na swichi inayowasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, ambazo hupoteza pungufu ya hapo, lakini zikiharibika fundi wa mtaani anahitaji chipu ileile, na chipu ileile haipatikani sokoni Nyawera kila siku. Maoni yangu ni kwamba kwa taa ndogo ya chumbani robo hiyo ilipwe bila manung'uniko, ili taa itengenezeke popote. Kwa taa kubwa ya duka au ya kituo cha afya hesabu inageuka, na koili inajilipia.

Tuje kwenye betri, maana wagonjwa wengi wako huku. Tochi kubwa za kuchaji mara nyingi huwa na betri ndogo ya risasi ya volti 4. Betri hiyo inapotumika, bamba zake zote mbili hujivika salfeti ya risasi. Ikichajiwa mapema, fuwele za salfeti zikiwa bado laini, kemia hurudi ilikotoka. Ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, fuwele hukua, hukomaa, na hazikubali tena kurudi nyuma. Kwa hiyo tochi inaweza kufa kwa kusahauliwa kabatini, bila kufanya kazi yoyote. Umeme ukikosekana siku nyingi mfululizo, jambo hilo hutokea nyumba hadi nyumba. Na betri yenyewe haifai kupasuliwa wala kuyeyushwa uani, kwa kuwa risasi huingia mwilini na hudhuru zaidi ubongo wa watoto.

Mbadala ulio karibu kuliko fundi anavyodhani ni seli za litiamu kutoka kwenye laptopu zilizokufa. Fungua pakiti yake na mara nyingi utakuta seli za mviringo zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri za litiamu-ioni, aina ya seli hizi, ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na wanasayansi watatu waliozifungulia njia, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Kwa nini pakiti ife huku seli nyingi zikiwa nzima? Kwa sababu zimepangwa kwa mfululizo, na katika mfululizo mkondo unaopita kwenye seli ya kwanza ndio unaopita kwenye ya mwisho. Ile yenye ujazo mdogo inakauka kabla ya nyingine, sakiti ya ulinzi inakata, na laptopu inatangaza kifo cha wote.

Kuzitenganisha na kuzipima ni kazi ya uvumilivu, na hapa fundi asikimbie. Seli iliyoshuka chini ya volti 2 aiweke kando, hata kama bado inakubali chaji: ndani yake shaba ya karatasi ya upande hasi huenda imeyeyuka, na ikichajiwa shaba hiyo hujijenga mahali pasipofaa hadi pande mbili zigusane. Moto huanzia hapo. Zilizobaki azichaji hadi volti 4.2, aandike tarehe juu yake, aziache wiki mbili, kisha apime tena. Iliyoshuka kuliko wenzake inavuja kwa ndani. Halafu kila iliyofaulu aipime ikiwa na mzigo. Tuseme inaonyesha 4.10 ikiwa imepumzika, na 3.98 ikitoa ampea 1. Tofauti ni 0.12, kwa hiyo ukinzani wake wa ndani ni omu 0.12, na seli inajichoma kwa wati 0.12. Kwa ampea 2 haijichomi maradufu bali mara nne, karibu nusu wati, kwa kuwa joto hufuata mraba wa mkondo. Seli mzee kama hii haifai tena kwa laptopu. Kwa taa yenye mkondo mdogo bado ina miaka.

Ina nishati kiasi gani? Seli iliyobakiwa na ampea-saa 1.5, kwa volti 3.7, ina takriban wati-saa 5.5. Hiyo ni taa ya wati 1 kwa saa tano: mtoto anamaliza kazi za shule na chakula cha jioni kinaliwa kwa mwanga. Kuirudishia nishati, paneli ya wati 3 katika siku ya mawingu yenye jua linalolingana na saa tatu kamili hutoa wati-saa 9. Toa theluthi moja kwa hasara za njiani, zinabaki 6. Inatosha, ingawa bila ziada kubwa. Na chaja ikipangwa kuishia volti 4.1 badala ya 4.2, tunapoteza kama sehemu moja ya kumi ya ujazo, ila kemikali za ndani haziliwi upesi, na seli hupata mizunguko mingi zaidi.

Seli isilehemiwe moja kwa moja. Ncha ya chuma cha kulehemu hufikia nyuzi 350, wakati utando unaotenganisha pande mbili za seli huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Tumia kishikio chenye springi. Kishikio hicho kinamwezesha mwenye taa kubadili seli mwenyewe baada ya miaka miwili, mradi ganda limefungwa kwa skrubu. Ganda lililogundishwa ni hukumu ya kifo iliyoandikwa kiwandani.

Kuhusu lehemu yenyewe, waya wa bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya bati peke yake, nyuzi 232, na chini zaidi ya risasi, nyuzi 327. Ulaya ilizuia risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006. Lehemu isiyo na risasi hutaka nyuzi 217 hivi, yaani chuma chenye joto zaidi na mkono uliozoea. Bati hutokana na kasiteriti, nayo Kivu Kusini inaichimba, Nyabibwe kwa mfano, katika Kalehe. Huondoka ikiwa mchanga mweusi wa gunia, husafishwa Asia, hurudi ikiwa waya mwembamba kwenye gurudumu la plastiki. Koltani nayo hurudi ndani ya kapasita ndogo za manjano au nyeusi. Zinazotolewa kwenye bodi za zamani hutumika tena, mradi fundi akumbuke kwamba mstari juu yake huonyesha upande chanya, kinyume cha kapasita za alumini za mkebe. Na bodi hizo si chache: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Imebaki bei. Tuseme taa yetu inauzwa dola 12 na seli moja ya kubadili ni dola 2, na inaishi miaka minne. Ni dola 14 kwa usiku 1,460, kama senti moja kwa usiku. Tochi ya dola 3 inayokufa baada ya miezi minne ni senti mbili na nusu. Hesabu hiyo haimsaidii mama wa Kadutu asiye na dola 12 leo, hasa tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji na benki zikafunga. Kwa hiyo namna ya kulipa ibuniwe kama sakiti inavyobuniwa: kwa likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, ya akina mama kumi na wawili, au dola moja kila wiki kwa Airtel Money, tochi yake mbovu ikipokelewa kuwa malipo ya wiki ya kwanza. Mteja wa namna hiyo hatalipa wiki ya sita kama taa imezimika wiki ya tano, na fundi anayejua hivyo ataweka rezista sita badala ya moja bila kusubiri semina.