Kiongozi na Sera za Taifa: Putin, Uchumi wa Urusi na Ngano ya Ziwa la Ng'ombe

Utangulizi

Neno ngano katika Kiswahili lina maana mbili zisizohusiana: nafaka isagwayo unga, na hadithi ya kimapokeo. Katika hadithi hizo, aghalabu mfalme hutamka neno moja na mji mzima ukageuka. Wapo wanaoisoma Urusi ya Vladimir Putin kwa mtazamo huohuo, kana kwamba mtu mmoja ndiye aliyetenda kila kitu. Makala haya yanaupima mtazamo huo kwa zana anayoifahamu kila mwanafunzi wa fasihi, yaani kumtenganisha mhusika na mandhari yake. Hoja inayotetewa ni kwamba katika uchumi mandhari yalimbeba sana kiongozi huyo, ilhali katika sera za nje maamuzi yake ndiyo yaliyouendesha msuko. Gharama ya maamuzi hayo ilifika hadi Ziwa la Ng'ombe, bara ya kaskazini ya Mombasa.

Mhusika na mandhari ya uchumi

Putin alipoteuliwa kuwa waziri mkuu mwezi Agosti 1999, ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu Urusi ishindwe kulipa madeni na sarafu yake kuporomoka. Alikaimu urais tarehe 31 Desemba 1999, kisha akachaguliwa mwezi Machi 2000. Kuanzia hapo hadi 2008 uchumi ulikua kila mwaka. Je, sifa hiyo ni yake? Bei ya mafuta ghafi, iliyokuwa takriban dola 30 kwa pipa mwaka wa 2000, ilipita dola 140 mwezi Julai 2008. Rais yeyote wa nchi yenye mafuta mengi angeneemeka.

Hata hivyo, mandhari hayatoi amri. Kodi ya mapato ya kiwango kimoja cha asilimia 13 iliyoanza mwaka wa 2001 ulikuwa uamuzi. Vivyo hivyo, kuunda mfuko wa akiba ya mapato ya mafuta mwaka wa 2004 na kulimaliza deni la Klabu ya Paris mwaka wa 2006 yalikuwa maamuzi. Aidha, Mikhail Khodorkovsky, mkuu wa kampuni ya mafuta ya Yukos, alikamatwa mwezi Oktoba 2003, na tawi kubwa la uzalishaji la kampuni hiyo likaishia mikononi mwa Rosneft, kampuni ya serikali. Kwa hiyo, fedha zilitokana na soko la dunia, bali namna ya kuziweka, na nani azishike, ilitokana na Ikulu ya Kremlin.

Maamuzi ya nje

Katika hotuba ya Munich ya Februari 2007, Putin alipinga hadharani ulimwengu unaotawaliwa na dola moja. Vita vya Georgia vilifuata mwezi Agosti 2008, na mwezi Machi 2014 Urusi ikaitwaa Krimea. Nchi za Magharibi zilipoweka vikwazo, Urusi nayo ilipiga marufuku vyakula vingi kutoka nchi hizo mwezi Agosti 2014. Sera ya nje ikawa pia sera ya kilimo. Katika muongo huohuo, Urusi ikawa muuzaji mkubwa wa ngano kuliko nchi zote duniani. Tarehe 24 Februari 2022, majeshi yake yaliivamia Ukraine, nchi nyingine inayouza nafaka kwa wingi.

Kutoka Bahari Nyeusi hadi Kisauni

Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoitumia, na kabla ya vita Urusi na Ukraine zilikuwa miongoni mwa wauzaji wake wakuu. Meli huteremsha shehena bandarini Kilindini, nafaka ikasagwa, na unga ukavuka Daraja la Nyali hadi maduka ya Kongowea na Ziwa la Ng'ombe. Mwezi Machi 2022 bei ya ngano duniani ilipaa kupita kiasi, na mwaka huo bei ya unga nchini ikapanda. Muuza mahamri hupata nazi karibu naye, lakini ngano husafiri baharini. Bei yake ipandapo, ama apandishe bei ya hamri, ama akate donge dogo zaidi. Wateja wake huliona donge hilo kabla ya kusikia lolote kuhusu Kremlin.

Serikali ya Kenya haikunyamaza. Tarehe 21 Februari 2022, Balozi Martin Kimani aliliambia Baraza la Usalama kuwa Waafrika walirithi mipaka ya wakoloni bila kuipigania upya. Tarehe 2 Machi, Kenya iliunga mkono azimio la Baraza Kuu la kuulaani uvamizi, huku Tanzania na Uganda zikijizuia kupiga kura. Urusi ilipojiondoa katika mkataba wa nafaka wa Bahari Nyeusi tarehe 17 Julai 2023, Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje, Korir Sing'Oei, alikifananisha kitendo hicho na kuchomwa kisu mgongoni. Siku chache baadaye, katika mkutano wa St. Petersburg, Putin aliahidi nafaka ya bure kwa nchi sita za Afrika. Kenya haikuwamo.

Hitimisho

Uadilifu wa uhakiki unadai jambo moja lisisahaulike: kufikia Julai 2023, bei za dunia zilikuwa zimeshuka kutoka kilele chake, na kudhoofika kwa shilingi ya Kenya kulichangia ughali uliobaki. Si kila senti ilitoka Moscow. Lakini kuna swali la kumpima kiongozi yeyote: je, mwingine katika mandhari yaleyale angelazimika kufanya vivyo hivyo? Kwa bei ya mafuta, jibu ni ndiyo. Kwa vita, siyo.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii hutumiwa sana katika mjadala huu, nayo ina upungufu: huwahesabu fahali wote sawa na haimtaji aliyeanza. Ni wajibu wa wanataaluma wa Kiswahili kuujadili uchumi na diplomasia kwa lugha inayomtaja mtendaji, ili muuza mahamri wa Ziwa la Ng'ombe aujue uamuzi uliomfikia, na aliyeufanya.