Dondoo muhimu: Mlango wa wavu kati ya paka wawili
Mlango wa wavu huwawezesha paka wawili kuonana na kunusana bila kufikiana kwa makucha. Hutumika hasa paka mgeni anapoletwa kwenye nyumba yenye mwenyeji, au wawili waliopigana wanapopatanishwa upya. La kwanza ni wavu wenyewe. Ule laini wa kuzuia mbu huchanika upesi, na paka akiuparamia hung'oka kwenye fremu. Wavu wa chuma wenye matundu madogo, uliobanwa pande zote kwa vipande vya mbao, hudumu zaidi. Mlango ufike juu kabisa, maana nusu mlango paka huuruka bila taabu, na uwe na komeo. Unaojifunga kwa springi tu husukumwa kwa kichwa.

Kila upande uwe na chakula, maji na choo chake cha mchanga. Siku za mwanzo wavu hufunikwa shuka ili harufu itangulie macho. Kisha shuka huinuliwa kidogo kidogo wakati wa kula, sahani zikianzia mbali na wavu na kusogezwa siku hadi siku. Haraka ndiyo huharibu kazi hii. Paka anayekodoa macho, kulaza masikio au kuacha chakula bado hajawa tayari, shuka irudishwe.

Wavu hauzuii viroboto wala mafua ya paka. Mgeni apimwe kwanza na daktari wa mifugo, na hadi hapo akae nyuma ya mlango wa kawaida uliofungwa.